Finjani Kumi na Moja za Mrututu

Ukitaka kumuudhi Mwanamvua binti Msabaha, ilitosha kumwambia kwamba maji ni maji. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Angetua debe lake taratibu, akavua ngata kichwani, akaikung'uta, kisha akakuuliza kwa upole wa kutisha, "Maji ya kisima gani?" Hapo ungejua umejitia pabaya, maana hungeondoka mpaka umesomeshwa visima vya Bagamoyo kimoja kimoja pamoja na tabia zao.

Vya maana kwake vilikuwa vitatu. Kisima cha Msikitini maji yake ni matamu, ya kunywa na ya chai. Kisima cha Mkwajuni maji yake ni mazito kidogo, yanapika wali vizuri ila sabuni haitoi povu. Na Kisima cha Pwani, kilichochimbwa karibu mno na bahari kwa uvivu wa aliyekichimba, maji yake yana chumvi, hayafai ila kuoshea masufuria na kupigia deki. Ukimfumba macho ukampa bilauri tatu, angezionja na kukutajia kila moja imetoka wapi. Wengine walisema angekutajia na nani aliyetangulia kuteka asubuhi ile, lakini hilo walikuwa wakimsingizia.

Kwa ujuzi huo alikula. Mwaka 1952 alikuwa ametimiza mwaka wa sita akiwa mchota maji na mfagiaji wa shule ya kati iliyokuwa pembeni mwa mji, kazi aliyoipata baada ya kufiwa na mumewe, Mosi, aliyekuwa mpasua mbao. Kila siku baada ya swala ya alfajiri alipeleka debe mbili za Msikitini kwenye mtungi wa wanafunzi na debe mbili za Pwani za usafi, akafungua madarasa, akafagia, akapanga madawati. Mshahara wake ulikuwa mdogo hata aibu kuutaja, lakini ndio uliokuwa ukiwalisha watu wawili, yeye na dada yake Ashura.

Huyo Ashura alikuwa mkubwa kwake kwa miaka saba, na miaka hiyo saba hakuiacha isahaulike. Alikaa barazani akisuka ukili kutwa nzima, na mdomo wake ulifanya kazi sawasawa na vidole. Hakuna aliyepita njia ile asiambiwe neno. Mwanamvua alimzoea, na siku Ashura aliponyamaza ndipo alipoanza kuogopa.

Jambo moja zaidi kuhusu shule ile, kwa kuwa bila hilo mengine hayaeleweki. Mwalimu Mkuu, Bwana Mwinyijuma, alikuwa na sheria moja aliyoipenda kama mwanawe wa mwisho: cha shule ni cha shule. Mchota maji aliyemtangulia Mwanamvua alifukuzwa kwa kipande cha sabuni. Kipande, si mche. Siku ya kumwajiri Mwanamvua, Mwalimu Mkuu alimwonyesha mahali pale sabuni ilipokuwa, akamwambia, "Bibi, hapa ndipo mwenzako alipoiacha kazi yake." Mwanamvua alikuwa akipapita kila asubuhi na ufagio, na kila asubuhi alipakumbuka.

Mwaka huohuo aliletwa Mwalimu Muhidini, kijana wa Mkange, mwembamba, mwenye mashati mawili na sanduku zima la vitabu. Alifundisha hesabu na sayansi darasa la nane. Ingawa alikuwa mwalimu na Mwanamvua mfagiaji, hakumpita asubuhi hata moja bila kumwambia shikamoo, tena kwa kusimama. Mwanamvua alimpenda kwa hilo, na alimhurumia kwa jinsi alivyokuwa akisahau kula.

Kijana huyu alikuwa na shauku moja. Katika kitabu chake mlikuwa na picha ya mti mdogo wa shaba uliomea ndani ya chupa ya maji, na alitaka wanafunzi wake wauone kwa macho yao.

"Shaba ikiyeyuka ndani ya maji haipotei," aliwaambia, na Mwanamvua aliyekuwa akifuta dirisha akasikia. "Umeme ukiivuta polepole, inarudi, punje juu ya punje, na kila punje inajua mahali pake. Mtaiona ikimea."

Wanafunzi walikuwa watoto wa wavuvi na wakulima. Walikuwa wameona muhogo ukimea, na mnazi, na magugu kuliko vyote. Shaba hawajaiona ikimea, wala baba zao. Waliinama ili wasichekee usoni mwa mwalimu.

Vifaa vyake havikuwa vya kutisha. Chupa ya mdomo mpana iliyowahi kuwa na peremende. Kipande cha shaba kilichokatwa kwenye sufuria kuukuu, na mbele yake waya mwembamba wa shaba, vyote viwili vikining'inia majini bila kugusana. Betri moja ya tochi, kichwa chake kimefungwa kwenye kile kipande na kitako chake kwenye waya. Na ndani ya maji, mrututu.

Huo mrututu ndio uliozaa mambo yote. Kitabu kilitaka maji yashibe mrututu mpaka yakatae, kwa hiyo Mwalimu Muhidini alikwenda dukani kwa Jivraj akanunua wote uliokuwapo, na kopo lake, kwa mshahara wake mwenyewe. Jivraj alifurahi kupata mteja wa namna hiyo. Hakuna aliyemuuliza mwenzake swali.

Na hapo ndipo kijana wa vitabu alipokosea bila kujua. Bagamoyo nzima hakuna aliyeujua mrututu kwa habari ya miti. Mrututu ni yale mawe ya buluu yanayosagwa, yakatiwa maji, yakaoshea vidonda. Unauma kama moto, lakini unakausha. Kila mama aliyekuwa na mtoto mwenye donda alituma mtu kwa Jivraj, akanunua wa senti chache, basi.

Mara ya kwanza mti haukumea. Waya ulinenepa tu, laini na mwekundu, kama kidole kilichoumwa na nyigu. Mwalimu Muhidini alisema labda ni maji, akayamwaga, akaanza upya kwa maji safi ya mvua aliyoyakinga kwenye pipa. Akaiweka chupa juu ya kabati nyuma ya darasa, akakataza mtu yeyote asiiguse. Kazi yake ilikuwa kubadilisha betri tu ilipochoka.

Masika yakaingia kwa nguvu. Mto Mpiji ukafurika, lori zikakwama ng'ambo, na duka la Jivraj likaanza kuonyesha mbao za rafu zake. Wiki hiyohiyo Ashura akanyamaza.

Mguu wake wa kushoto ulikuwa umekwaruzwa na jembe juu kidogo ya kifundo, kitu cha kudharauliwa. Sasa palikuwa na donda ndugu la upana wa kiganja, na harufu yake ilikuwa imeingia mpaka kwenye ukili. Mwanamvua alimtaka waende hospitali.

"Hospitali watanikata," alisema Ashura. "Bi. Mwaija walimkata."

"Bi. Mwaija alikwenda mguu umeshaoza, dada."

"Nitakwenda na wangu ukishaoza, basi. Niletee mrututu."

Mwanamvua akaenda kwa Jivraj chini ya mvua, khanga imemgandama mwilini. Jivraj akamfungulia droo ili aone mwenyewe. "Hakuna, mama. Mwalimu amechukua wote. Ngoja lori."

"Lori lini?"

Jivraj akatazama mvua.

Usiku ule Ashura alilia kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya mama yao, na Mwanamvua akakaa kitandani akisikiliza, moyo unamwuma na hasira inampanda juu yake. Mtu mmoja amenunua dawa ya mji mzima, akaitia kwenye chupa ya peremende, akaitundikia waya. Alimpenda yule kijana, lakini kulipokucha shikamoo yake aliiitikia kwa kifupi, wala kumwomba hakuthubutu, maana kwa Bwana Mwinyijuma kilichoingia darasani kilikuwa cha shule.

Kesho yake alikuja shuleni na finjani ya kahawa, ameifunga kwenye pindo la khanga. Alifagia darasa la nane mpaka nyuma kabisa. Kisha akapanda juu ya kiti, akateka finjani moja ya maji ya buluu, akaimimina kwenye kichupa alichokuja nacho. Chupa ikabaki na pengo juu, pengo la kuonekana na kipofu. Mwanamvua akatazama huku na huku. Karibu na mlango lilikuwapo debe la kupigia deki, maji ya Kisima cha Pwani. Akateka finjani moja, akajazia, taratibu, ili asiutikise waya. Hakumwaga tone.

Alifanya hivyo siku kumi na moja. Kila siku finjani moja ilitoka na finjani moja iliingia. Ijumaa moja aliruka kwa kuwa alikwenda mazikoni. Mguu wa Ashura ulianza kukauka pembeni, harufu ikapungua, na siku ya tisa Ashura akamtukana muuza samaki. Mwanamvua alifurahi hata akataka kumkumbatia muuza samaki.

Lakini maji ya chupa yalikuwa yakififia. Buluu ya mwanzo ilikuwa imekolea, sasa mtu aliweza kuona ukuta upande wa pili, na mwalimu alidhani waya ndio unaoinywa. Siku ya kumi na moja alipopanda kiti aliona zaidi ya ukuta. Kwenye waya, palepale palipokuwa na unene tu, palikuwa pameota vitawi. Vilikuwa vyembamba, vyekundu, vimechanua pande zote, kila kitawi na vitawi vyake, kama tawi la mvinje. Alikaa juu ya kiti akivitazama mpaka akasahau ni kwa nini amepanda. Kisha akakumbuka, akateka finjani yake, akajazia, akashuka haraka, na tangu siku ile hakuchukua tena.

Asubuhi hiyo darasa la nane halikusoma hesabu. Mwalimu Muhidini alisimama mbele ya kabati na mikono kichwani, akicheka peke yake. Wanafunzi walipanda juu ya madawati bila kukatazwa. Walimu wengine wakaja, na Mwalimu Mkuu naye akaja, akainama, akavaa miwani, akainama tena. Akasema wazazi waalikwe siku ya pili baada ya Idi waje waone. Tena akaongeza kwamba, kama ni hivi, vile vipindi vya sayansi alivyofikiri kuvitoa vyote kwa kilimo, vitabaki.

Kwa furaha Mwalimu Muhidini akataka kila mtu auone mti karibu. Akaunyanyua nje ya maji. Ulipofika mkononi mwake ulikuwa vumbi jekundu na waya mtupu.

"Si neno," alisema, ingawa uso wake ulisema lingine. "Tutaotesha mwingine. Sasa tunajua njia."

Njia yenyewe hakuijua, na aliyeijua alikuwa ameshika ufagio. Mwalimu aliosha chupa, akatia maji safi ya mvua, akashibisha mrututu kama kitabu kilivyosema. Waya ukanenepa. Akabadilisha waya, akabadilisha betri, akasogeza kabati mbali na mlango. Waya ukanenepa. Mara ya tatu ulinenepa vizuri kuliko zote, na siku za Idi zikawa zinakaribia.

Sasa neno likaanza kwenye madawati ya nyuma, likaenda mbele. Mwanamvua alilisikia akiwa nje ya dirisha, anamwagia maua yaliyokuwa hayahitaji maji. Mazingaombwe. Walisema mwalimu alisokota waya wake nyumbani, au alitengenezewa na sonara, akautia chupani watu wakiwa wamelala. Mtoto mmoja alisema hata shaba haikuwa, ilikuwa kitawi cha mvinje kilichopakwa rangi, na ndiyo maana kilivunjika. Siku iliyofuata Mwalimu Muhidini aliuliza swali la hesabu na hakuna aliyenyoosha mkono. Hawakuwa wakorofi. Walikuwa wameacha kumwamini tu, na alilijua hilo, akasimama mbele yao na chaki mkononi kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

Mwanamvua alijaribu kupita njia ya pembeni. Alimkuta Mwalimu Muhidini jioni peke yake darasani.

"Mwalimu, hayo maji yako ni matamu mno. Tia ya Kisima cha Pwani."

Akatabasamu, maskini, kwa adabu. "Ahsante, mama. Lakini kitabu kinataka maji safi. Ya Pwani yana chumvi."

"Ndiyo maana nikakuambia."

"Chumvi itaharibu, mama," alisema, akarudi kwenye kitabu chake.

Nyumbani akamweleza Ashura kila kitu. Ashura alikuwa amenyoosha mguu juu ya mkeka, donda limebaki la ukubwa wa senti kumi.

"Usiseme," alisema Ashura. "Bwana Mwinyijuma atakufukuza kabla hujamaliza. Halafu tutakula nini, ukili?"

"Yule kijana wanamwita mwongo, dada."

"Kijana huyo atapata kazi pengine. Ana vitabu. Wewe una debe." Akaurudia ukili wake. Kisha akasema bila kuinua macho, "Ni mimi niliyelia. Ungeniacha nilie."

"Nisingeweza."

"Basi fanya utakavyo. Lakini vaa khanga nzuri, usifukuzwe na hiyo ya kudekia."

Jumatatu, kipindi cha tatu, Mwanamvua alipiga hodi darasa la nane akiwa amevaa khanga ya Idi. Hakujua kwamba Mwalimu Mkuu alikuwa ndani, amekaa nyuma. Alikuwa amekuja kusema kwamba wazazi waonyeshwe bustani ya mchicha, na habari ya chupa iishe. Mwanamvua alipomwona, miguu ilitaka kurudi. Akaingia hivyohivyo.

"Karibu, mama," alisema Mwalimu Muhidini, ameshangaa. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu." Akafungua pindo la khanga, akatoa finjani, akaiweka juu ya meza ya mwalimu. "Ule mti haukuwa mazingaombwe. Mwalimu hakusema uongo. Mimi nilikuwa nikichukua maji ya chupa yake kwa hii, ya kuoshea mguu wa dada yangu. Na nilipochukua nilijazia, asijue. Sasa nimesema."

 Mwalimu Mkuu alisimama. Mwanamvua hakumtazama, alitazama finjani.

"Siku ngapi?" aliuliza Mwalimu Muhidini. Sauti yake ilikuwa ya ajabu, haikuwa ya hasira.

"Kumi na moja."

"Finjani ngapi kwa siku?"

"Moja."

"Ya kujaa?"

"Mwalimu," alisema Mwanamvua, na kwa mara ya kwanza akainua uso, "mimi sipimi nusunusu."

Mwalimu Muhidini akaichukua finjani, akaitia maji, akaimimina ndani ya ile chupa, aliyokuwa ameshaimwaga, akihesabu kwa sauti, na kufikia ya tano darasa zima lilikuwa likihesabu naye. Chupa ilijaa kwa finjani kumi na mbili. Akageukia ubao, akaandika kumi na mbili, akaandika kumi na moja, kisha akasimama, chaki hewani. Akamgeukia Mwanamvua.

"Na ulijazia maji ya kisima gani?"

Miaka hamsini na kitu Mwanamvua alikuwa akiwauliza watu swali hilo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza yeye. Akaiweka sawa khanga yake ya Idi. 

"Ya Pwani," alisema. "Ya deki. Yana chumvi, lakini si chumvi ya bahari, ni nusu ya nusu yake. Wakati wa mvua inapungua tena. Kama unataka sawasawa na ile, uteke alfajiri kabla hawajakivuruga."

Mwalimu Muhidini aliandika yote, mpaka alfajiri. Halafu akauliza, kwa upole, "Mbona hukununua dukani, mama?"

"Nilikwenda. Jivraj aliniambia wote umeununua wewe."

Chaki ikabaki palepale ubaoni. Mwalimu Muhidini alitazama kopo la mrututu alilokuja nalo kutoka nyumbani, bado zaidi ya nusu, na uso wake ukaiva kwa aibu. Ndipo Bwana Mwinyijuma alipofika mbele, mikono nyuma.

"Bi. Mwanamvua," alisema, "unaijua sheria yangu."

"Naijua, Mwalimu Mkuu. Cha shule ni cha shule."

"Mrututu si wa shule," alisema Mwalimu Muhidini haraka. "Nilinunua kwa mshahara wangu. Nami sikumuuliza mtu una kazi gani hapa mjini. Kama kuna wa kulaumiwa juu ya mrututu, ni mimi."

Mwalimu Mkuu alifikiri. Kila mtu aliona akifikiri, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki na haki ilimchukua muda. "Mrututu ni wa mwalimu," alisema hatimaye. "Hilo ni lenu wawili. Lakini yale maji ya Pwani uliyojazia, Bibi, yalitoka kwenye debe la shule."

Mwanamvua akaona kazi yake imekwisha. Aliikumbuka sabuni.

"Na yalikwenda wapi?" aliendelea Bwana Mwinyijuma. "Yalikwenda kwenye chupa, ndani ya darasa, ndani ya shule. Hayakutoka. Kwa hiyo cha shule kimebaki shuleni." Akavua miwani, akaifuta. "Endeleeni na somo."

Alipotoka hakuna aliyecheka mpaka alipofika mbali.

Walianza upya siku ileile. Mwalimu Muhidini alitaka Mwanamvua ajaze chupa kwa mkono wake, na wanafunzi wakapiga hesabu: kama kila siku hutoka sehemu moja ya kumi na mbili ikaingia ya maji matupu, siku ya kumi na moja buluu iliyobaki haifiki nusu. Wakatia finjani nne na nusu za maji ya mrututu na saba na nusu za Kisima cha Pwani. Nusu hiyo Mwanamvua aliimimina kwa kukunja uso. Siku ya tatu wale wa madawati ya nyuma ndio waliokuwa wakiwahi shuleni kuliko wengine. Siku ya tano vitawi vikachomoza, na aliyesema habari ya kitawi cha mvinje kilichopakwa rangi akakaa mbele ya kabati mpaka kengele.

Kumbe mti haukutaka mrututu mwingi. Ulikuwa ukishibishwa, na kushiba ndiko kulikouzuia kuchanua. Mwalimu Muhidini alipolielewa hilo alichukua kopo lake kwapani, akalirudisha kwa Jivraj, akamwambia awauzie wenye vidonda na asimuuzie mwalimu yeyote zaidi ya kijiko. Mvua ilikuwa bado inanyesha na lori bado halijavuka. Kabla ya adhuhuri akina mama wanne walikuwa wameshatuma watu.

Siku ya wazazi walikuja wengi, wengine kutoka Makurunge kwa miguu, wameshika viatu mkononi kwa sababu ya matope. Mti ulisimama ndani ya chupa, mwekundu, na safari hii hakuna aliyethubutu kuunyanyua. Ubaoni kulikuwa na maelezo marefu kwa herufi za Kizungu, ambazo Mwanamvua hakuzijua. Lakini kwenye chupa palibandikwa karatasi, na maandishi yake yalikuwa ya Kiarabu, yale aliyofundishwa chuo cha Kurani akiwa msichana, kabla hajavunja ungo na kuwekwa ndani. Alisogea, akayafuata kwa kidole toka kulia, akiunga herufi kwa herufi. Mwana. Mvua. Binti. Msabaha. Akarudia toka mwanzo, kuhakikisha hakujipendelea.

Nyuma yake akasikia fimbo ikigonga sakafu. Ashura alikuwa amekuja mwenyewe, kwa miguu yake miwili, mmoja umefungwa kitambaa cheupe, jasho linamtoka. Tangu mvua ianze hakuwa amevuka baraza. Akainama mbele ya chupa, akautazama mti kwa jicho baya.

"Huyu ndiye aliyekuwa akinywa dawa yangu?"

"Wewe ndiye uliyekuwa ukinywa yake, dada," alisema Mwanamvua. "Usingeumwa, asingemea."

Ashura akasonya, akakalia dawati la mbele, akanyoosha mguu. Kisha akaomba maji ya kunywa. Wageni walikuwa wameumaliza mtungi. Mwanamvua akaweka ngata kichwani, akainua debe, akaenda Kisima cha Msikitini.